Mazishi Niliyoyapeleka Chuoni

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya baridi huko Rongai, tukimzika Kibet, dereva wa lori aliyefia kwenye mteremko wa Salgaa. Nilikuwa mchungaji kijana, nasomea digrii ya pili ya kuhubiri. Wewe unayefunga mizigo kwenda kusoma hayo hayo, hebu keti kidogo. Sikuzuii. Elimu haina ubaya, mimi ndiye niliyeitumia vibaya.

Kabla ya ibada, mamake Kibet alinivuta kando.

"Pastor, watu wanasema mtoto wangu alikuwa mlevi. Daktari amesema hakuwa amekunywa kitu. Ni breki zilikataa. Ukisema wewe, wataamini."

"Nitasema, mama," nikamjibu. Na nilimaanisha, Mungu ni shahidi.

Lakini mfukoni nilikuwa na mahubiri ya mtihani. Mwalimu wangu alikuwa ameyapitia neno kwa neno, na nilitakiwa kuyahubiri mbele ya watu, niyarekodi, nipeleke kanda chuoni Jumatatu. Dakika ishirini, zisizidi. Basi nikaweka kinasa sauti mbele yangu nikaanza. Ai, nilivyopaa! Nikawatajia maneno ya Kigiriki wakulima wa mahindi waliosimama matopeni na gambuti zao. Nilipomaliza nikaketi nikijipongeza. Kibet sikumtaja hata jina.

Nilikuja kukumbuka Jumapili jioni, nikisikiliza ile kanda. Baada ya amina yangu inasikika sauti ya mama, ya chini kabisa: "Na Kibet?"

Kanda niliipeleka hivyo hivyo. Nikapata alama ya juu kuliko wote darasani, nikaona haya kwenda kwake. Wiki tatu zikapita. Nilipojikaza nikaenda, nilimkuta akipukuchua mahindi. Nikamwambia nitatangaza kanisani kwamba Kibet hakuwa mlevi.

Hakuinua kichwa. "Utamwambia nani, Pastor? Watu walishaenda nyumbani."

Nilitangaza hata hivyo. Lakini waombolezaji wa Salgaa na Gilgil walikuwa wameondoka na uvumi wao, na mama mwenyewe hakuwepo kusikia. Hakukanyaga kanisa letu tena hadi akafa. Juzi tu nilisimama Salgaa kunywa chai, nikasikia dereva akimwonyesha mwenzake mteremko ule: "Hapo ndipo yule mlevi alianguka." Nikamwambia hakuwa mlevi. Akacheka, akasema, "Mzee, hiyo kila mtu anajua."

Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Nenda usome, ufike mwisho wa masomo yote. Ila ukisimama kando ya jeneza, usiwahubirie walimu wako. Waliofiwa wamekuomba useme nini? Liseme hilo kwanza, kabla hujafungua karatasi yako, hata kama utaanguka mtihani. Mtihani unarudiwa, mazishi hayarudiwi.

Mungu akutangulie huko chuoni. Akupe kichwa chepesi na masikio yenye huruma, na ukizeeka, akujalie usingizi ambao mimi nimeukosa.