Mikono ya Mama Alimasi

Siku Mama Alimasi aliponirudishia sabuni yangu, mwanangu, naikumbuka hata leo kila nikipita soko la mji wetu wa Baraka. Nilikuwa kijana, nimeolewa juzi tu, na mji ulikuwa unajaa. Watu walikuwa wanarudi kutoka ukimbizini ng'ambo ya ziwa, nyumba za mabati zinaota kila wiki, na kila nyumba inataka sabuni. Nami nilijua kuipika: mafuta ya mawese ya Nundu, maji, na ile soda kali inayounguza. Unakoroga, unamimina katika sanduku la mbao, unakata vipande.

Lakini sabuni hiyo sharti ikae majuma manne, soda itulie. Aliyenifundisha aliniambia hivyo. Mimi nikaona wateja wamesimama mlangoni, na jirani naye ameanza kupika. Nikauza ya siku nne. Haraka haraka haina baraka. Sisi wenye mji wa jina hilo tungekuwa wa kwanza kusikia!

Mama Alimasi alikuwa mjane, anafua nguo za watu ili ale. Alikuja asubuhi, kipande changu amekifunga katika pindo la kitenge. Akanifungulia viganja. Ngozi ilikuwa imebanduka katikati ya vidole, nyama inaonekana. Ulimi wangu ukakimbilia uongo: nikasema labda ni maji ya kisima.

Hakupaza sauti.

"Mutoto yangu, sikukuya kugombana. Niko nauliza tu: ku nyumba yako, we unanawaka na hii?"

Nyumbani tulikuwa na vipande vya zamani.

"Hapana, mama. Sisi tunanawaka na yenye imekauka."

"Basi mi niko muntu wa namna gani?"

Mwanangu, angenitukana ningemjibu. Kwa swali lile nililia, naye, pamoja na vidonda vyake, ndiye aliyenibembeleza.

Siku ile nilizunguka nyumba kwa nyumba nikikusanya kila kipande kibichi. Wengine walinicheka, mmoja alinifungia mlango. Kisha, mpaka mikono yake ilipopona, nilikwenda kwake kila asubuhi. Nilifua nguo za wateja wake, nikamtwangia sombe, yale majani ya muhogo. Pale kwenye beseni nilijifunza biashara zaidi kuliko sokoni, maana nilijua sasa sabuni inafika kwa nani.

Sabuni ilipokomaa, alikuja kwenye meza yangu, akaomba maji, akanawa mbele ya wanawake wote, taratibu, mpaka viwiko. Chema chajiuza, wahenga walisema. Siku hiyo niliamini.

Leo nawaona ninyi vijana: huyu anauza maji ya matunda, yule anachaji simu kwa nguvu ya jua, mwingine anapeleka mizigo Kilembwe kwa pikipiki. Moyo wangu unafurahi. Msiogope kuanza, wala msimwogope jirani anayeanza kazi ileile. Ila usimuuzie mtu kitu ambacho usingewapa watoto wako. Na ukikosea, kwani utakosea, nenda mwenyewe mlangoni kwa uliyemuumiza, usingoje aje.

Mungu aibariki kazi yako, mwanangu, na yeyote atakayepokea kitu kutoka mkononi mwako, alale salama.