Vikapu vya Ukutani Kipini

Mimi na karani mwenzangu katika boma la serikali pale Kipini hatukupatana tangu siku ya kwanza. Alijivunia mkono wake wa kuchora. Mimi nilimwona mpambaji tu. Mwaka wa njaa, mto ulipokosa kufurika na mashamba ya kingoni yakakauka, Mzungu mkuu wa boma alitaka picha moja ya kumwonyesha kila kijiji kimevuna kiasi gani, ili ajue mchele wa msaada aupeleke wapi.

Mwenzangu akachora vikapu kwenye karatasi kubwa, akaitundika ukutani. Kijiji kilichovuna mara mbili ya jirani yake alikichorea kikapu kirefu mara mbili na kipana mara mbili.

"Umekosea," nikamwambia. "Jicho halioni urefu tu, linaona na upana."

"Chora mistari yako. Bwana anapenda kitu cha kupendeza."

Bwana alikitazama kile kikapu kinene, akasema watu wale wameshiba. Kijiji chao, kilicho mtoni juu ya mji wa Ngao, kikanyimwa mchele.

Haukupita muda akaja kwa mtumbwi mama mmoja Mpokomo wa kijiji hicho. Mumewe alikuwa kalala ndani, njaa imemmaliza nguvu. Akasimama mbele ya picha.

"Hiki ndicho chetu?"

"Ndicho, mama."

"Nani alikuja kwangu akakiona?"

Nikamwita Bwana. Nikakata karatasi iliyolingana na kikapu kidogo cha kijiji jirani, nikaipima juu ya kile kikubwa. Iliingia mara nne. Mwenzangu akaninyang'anya, akaikunjakunja kiganjani.

"Unanivunjia heshima mbele ya watu."

"Heshima yako imewalaza watu njaa."

Nikachora upya: nguzo za upana mmoja, zote zikianzia mstari mmoja, jina la kijiji chini ya kila moja, basi. Bwana akaona nguzo yao ni mara mbili tu ya jirani, si mara nne, akaamuru mchele upakiwe mtumbwini siku ileile. Radhi hakuomba.

Nilimsindikiza yule mama hadi mtoni, nikitarajia japo neno jema. Alikaa juu ya magunia, akanikazia macho.

"Hizo nguzo zako nazo hazina mtu ndani," akasema. "Nyinyi wa boma ni wamoja."

Akanipa mgongo.

Baadaye tulisikia mumewe alifariki kabla mtumbwi haujafika. Mwenzangu nami tuliendelea kukaa meza moja kwa miaka, wala hatukuamkiana tena.