Firigisi za Wesonga

Kama kuna mtu aliyejiona anajua kulisha, ni Milcah Nanjala. Si alimlea mwanawe Joyline kwa uji na omena mpaka akaota mashavu? Kwa hiyo paka wao alipogongwa na gari pale Dagoretti Corner, akaacha vitoto vitatu vya wiki sita, Milcah hakumwuliza mtu. Alivikorogea ugali kwa maziwa ya ng'ombe. Siku ya nne vyote vilikuwa vinaharisha, na kale kadogo hakawezi kusimama.

Kusema kweli, paka hakuwapenda hata kidogo. Ila mama wa vitoto hivyo aliletwa na Wesonga, mumewe, ndani ya koti, wiki moja kabla hajapanda ndege kwenda kuwa mlinzi Doha. Simu zake zilikatika miezi saba iliyopita. Milcah alitaka siku atakayobisha mlango avikute vitoto hivi vizima, vikimzunguka miguuni.

Alipotoka kazini Hurlingham, anakosafisha maofisi, alipitia kwa Nyokabi, daktari wa mifugo mwenye duka la dawa.

"Mama Joyline, paka si mtoto wa nasari," Nyokabi alicheka. "Maziwa ya ng'ombe inawaharisha tu. Paka ni nyama. Chemsha kuku na moyo ya kuku, ini kidogo sana, na yai. Ganda ya yai ukaushe, usage iwe unga, uweke kijiko kidogo, ndio mifupa ishike. Na hii poda ya vitamini. Kitunguu na chumvi, zii kabisa, usiweke."

"Na nikikosa moyo leo?"

"Poda itasaidia. Hata firigisi ni nyama poa. Uko nazo?"

"Sina," Milcah alijibu haraka mno.

Alikuwa nazo saba. Kwao Bungoma firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na mke hampi mwingine ila kama mwenye nyumba hayupo tena duniani. Tangu simu zikatike, kila mwisho wa mwezi alinunua kuku, wakala yeye na Joyline, firigisi akaifunga kwenye karatasi na kuigandisha. Joyline alishachoka kumwuliza kwa nini haziliwi.

Buchani jioni hiyo alipata ini na mayai tu. Nyumbani, kale kadogo kalikuwa kamelala ubavu, hata kulia kameshindwa. Milcah alifungua friji, akaifunga. Akaifungua tena, akazitoa.

Alizichemsha, akakatakata sita vipande vidogo vidogo, akachanganya na yai, ini, unga wa ganda na ile poda. Vitoto viwili vilikula hata vikaingiza miguu sahanini. Kadogo kalinusa tu, kakageuza kichwa.

Ilibaki ile ya saba. Akakumbuka jinsi Wesonga alivyokuwa akiikata firigisi katikati, chini ya meza mama mkwe asione, na kumsogezea nusu. Jamani, alimtaka mtu wake. Alitaka ule mkono chini ya meza.

"Baba Joyline, usinikasirikie," alisema. "Ukirudi nitakuchinjia kuku mzima."

Akaikata katikati. Nusu ya Wesonga akaitafuna mpaka ikalainika, akakapa kadogo kwa kidole, na kadogo kakaanza kulamba. Ile nusu nyingine akaila mwenyewe, bila chumvi, machozi yakimtiririka, nayo ilikuwa tamu vilevile.