Sufuria ya Mama Mkwe

Naikumbuka siku ile, mwanangu, hata harufu yake naikumbuka. Mvua ya alasiri ya Kakamega ilikuwa imekatika sasa hivi, na moshi wa kuni mbichi umejaa jikoni. Uhuru ulikuwa bado mchanga, wasichana wakishonewa nguo za rangi za bendera, nami nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, karibu kujifungua. Nilijiona malkia!

Mama mkwe alikwisha kupanga kila kitu. Mjukuu angezaliwa nyumbani, na kondo la nyuma lingezikwa kwenye migomba, mahali lilipozikwa la baba yake. Kwake yeye, mtoto ambaye kondo lake halimo shambani alikuwa mgeni tu. Na mama mkwe, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kubishiwa.

Akamwita mkunga wetu, Kukhu Rasoa, bibi aliyewapokea karibu watoto wote wa kijiji. Alinilaza mkekani, akanipapasa tumbo taratibu. Mikono ikasimama chini ya mbavu.

"Kichwa kiko huku juu," akasema. "Huyu ameketi. Mpelekeni hospitali ya mjini kabla uchungu haujaanza."

"Kwani umesahau kazi?" mama mkwe akafoka. "Si wewe ndio unazalishanga kila mtu hapa?"

"Nazalishanga, ndiyo. Hata binti yangu nilimzalisha mwenyewe. Mtoto alikuwa ameketi hivi hivi. Mwili ukatoka, kichwa kikakwama. Nikazika mtoto, nikazika na mama yake. Sasa wewe unataka kuzika kondo, ama unataka kuzika watu?"

Mama mkwe akatoka nje. Nikalia, nikijua nimemuudhi. Kumbe alikwenda kufunga nguo zangu kwenye leso.

Tulikaa kwa dada yake, mtaa wa Amalemba, karibu na hospitali, tukingoja. Siku zile nazitamani mpaka leo. Mwanamke yule mkali alinisuka nywele, akanisimulia usichana wake, tukacheka mpaka majirani wakachungulia.

Mtoto alitanguliza makalio kweli. Alipotoka hakulia. Lakini wenye kazi yao walikuwa tayari, wakampa pumzi mpaka akapiga kelele.

Mama mkwe naye akaenda kwa muuguzi kuomba kondo. Akalitia kwenye sufuria, akafunika, akapanda nalo basi. Kondakta akamuuliza amebeba nini.

"Nimebeba mtu wa kwetu," akajibu.

Basi wewe unayelia leo kwa sababu kliniki wamekuambia mtoto ameketi, pangusa machozi. Si laana, wala si kwamba ulisimama mlangoni ukiwa na mimba, kama wanavyosema. Wengi hugeuka wenyewe kabla ya siku kufika. Asipogeuka, ujue kichwa ndicho kitakachotoka mwisho, na hatari iko hapo. Usikubali mtu yeyote amvute nyumbani. Rudi kliniki wakupime tena, ukae karibu na hospitali mapema, na daktari akisema ni lazima upasuliwe, usione haya. Anayekuambia wewe si mwanamke kamili, mlete kwangu.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, akurudishe ukiwa na mtoto mikononi. Migomba ipo, na sufuria ile ninayo bado.