Neno la Maharagwe

Kama ungemuuliza Papa Onésime raha ya dunia ni nini, asingekutajia nyama wala harusi. Angekuambia ni kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, uliolala usiku mmoja ukaanza kuchachuka, redio yenye betri mpya, na watu wa kubishana nao. Alikuwa amefanya kazi ya reli hapa Kalemie mpaka nywele zikageuka rangi, na tangu apumzike, kila asubuhi aliketi barazani kwake, kule chini karibu na ziwa, akangojea habari. Salomon, Mubembe aliyekuja zamani na nyavu zake kutoka upande wa Fizi, alifika wa kwanza. Achille, aliyepakua meli bandarini ujana wake wote, alifuata huku akikohoa. Mama Victorine, mke wa Papa Onésime, aliwatilia munkoyo, kisha akarudi nyuma ya nyumba kwenye masufuria yake. Hapo ndipo wazee walipoanza kuitengeneza dunia.

Na waliitengeneza kwelikweli. Warusi walipewa ushauri, Wamarekani wakakaripiwa, Wachina wakaambiwa wapunguze haraka. Siku redio iliposema mawe ya Manono yanatafutwa na mataifa makubwa kwa ajili ya betri za magari, Papa Onésime alisimama akamuuliza Salomon kwa nini basi betri za redio yake bado zinavushwa ziwa kutoka Kigoma. Salomon akaomba kuongezewa munkoyo. Mzee alitembea na ushindi huo wiki nzima. Wewe unayesoma usimcheke. Mtu aliyesukuma mabehewa maisha yake yote kwa kufuata filimbi ya mwingine, naye anastahili mahali pa kusema akasikilizwa.

Kisha ziwa likapanda, likakataa kushuka. Kwanza maji yalichukua choo, halafu jiko. Papa Onésime alibishana nayo mpaka kiti chake kilipoelea. Binti yao Léonie alikuja na mkokoteni, akapakia magodoro na masufuria, akawapeleka wazazi wake nyumbani kwake, juu mlimani.

Kule juu hakukuwa na kosa la kusema. Paa halivuji, hewa ni nzuri, na ziwa lote unaliona pale chini limetulia, kana kwamba halikumlia mtu nyumba. Lakini hakuna aliyepanda. Magoti ya Salomon hayakutaka mlima, na kifua cha Achille kilikuwa kile kile. Papa Onésime akawa anasikiliza habari peke yake, na habari bila mtu wa kubishana naye ni bukari, yaani ugali, bila mboga: unameza tu. Kilichomuuma zaidi hakuwahi kumwambia mtu. Aliogopa kwamba wenzake walikuwa wamepata baraza lingine na msemaji mwingine, na kwamba hawakuona pengo lolote. Asiyekuwapo na lake halipo, wanasema. Yeye alikuwapo, tena mzima, ila mlimani.

Mama Victorine hakukaa. Alfajiri alijitwika ndoo yake ya munkoyo, akateremka kuuza karibu na soko, na jioni akarudi.

"Wanakusalimia," alimwambia mumewe.

"Nani?"

"Watu."

Mzee aliguna, akaongeza sauti ya redio. Hakuuliza ni watu gani, wala wanakunywa wapi, wala wanaongea nini wakinywa.

Asubuhi moja uvumilivu ulimwisha. Mkewe alikuwa amekwisha kuondoka. Alivaa kofia yake ya reli, akasimama kando ya njia mpaka alipopita Prospère, kijana wa jirani mwenye pikipiki ya kubeba watu. Prospère alimpakia, na hata kabla hawajafika bondeni akageuza kichwa.

"Papa, kumbe wewe njo mwenye lile neno la maharagwe?"

"Neno gani?"

"Usijifiche, Papa. Muji muzima wanalisema. 'Amani haiko ku makaratasi. Amani utaijua siku mama anaweka maharagwe ku moto, juu maharagwe inakawia kuiva, na muntu mwenye kukimbia hapiki maharagwe.' Hata pasta wetu alilisema Siku ya Mungu. Alisema ni la Papa Onésime wa reli."

Papa Onésime hakukumbuka kulisema. Alilijaribu kimyakimya mdomoni, akaliona tamu. Alilijaribu tena. Walipofika chini alikuwa karibu kuikumbuka siku yenyewe aliyolisema, pamoja na shati alilovaa. Haya, nani kati yetu angelikataa?

Alishuka karibu na soko, akafuata sauti ya kikohozi alichokijua. Nyuma ya duka moja lililofungwa, chini ya kipande cha paa, wenzake walikuwa wameketi juu ya kreti tupu za bia: Salomon, Achille, na wengine waliozoea kuja barazani. Katikati yao alisimama Mama Victorine na kikombe cha kuchotea. Papa Onésime alitaka kujitokeza, lakini alisikia jina lake, akabaki pembeni ya ukuta.

"Mama," Achille alikuwa akisema, "hawa wakubwa wanaokutana ku hoteli juu ya amani yetu, leo Papa Onésime amesema nini?"

Mama Victorine alimjazia kikombe bila kuinua macho.

"Mzee wangu amesema waulizwe kwanza bei ya chumvi ku Nyunzu. Asiyeijua asitie sahihi."

Wanaume walitikisa vichwa. "Papa Onésime ana akili," Salomon alisema. "Kule mulimani anafikiri vizuri kupita huku."

Asubuhi ile Papa Onésime hakuwa amesema lolote juu ya chumvi. Alikuwa amelalamika kwamba soksi yake imepotea.

Ni desturi yetu, na haikuanza jana. Mambo ya vita na serikali ni ya wanaume barazani. Mwanamke akiwa na neno lake hulivika shati la mumewe: mzee wangu amesema. Mama yake Papa Onésime alifanya hivyo, bibi yake vilevile, na hakuna aliyeona ajabu. Yeye mwenyewe hakuwahi kufikiri kwamba chini ya shati lake kulikuwa na mtu.

Akakumbuka mwaka ule wa vita. Victorine alikuwa amekwenda Nyunzu, mbali bara kwenye njia ya reli, kumzika dada yake, mapigano yakamkuta huko. Alirudi kwa miguu, akifuata reli, vidole vimevimba, hana hata kitambaa kichwani. Na yeye, kwa furaha ya kumwona, alimkalisha chini akaanza kumweleza mambo yaliyotokea Nyunzu, vile alivyoyasikia redioni. Alimweleza yote. Victorine alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna unga nyumbani. Papa Onésime, pale ukutani, aliona haya mpaka masikio yakawaka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye alikuwa amemfundisha aliyekilalia.

Akajitokeza. Ilikuwa shangwe. Salomon alimpa kreti yake, Achille akamshika mkono asiuachie. Hawakuwa wamemsahau hata kidogo. Alichokililia miezi yote kule juu kilikuwa hapa, kinamngoja.

"Basi Papa," Salomon alisema, "ile ya maharagwe. Tuisikie ku kinywa chako mwenyewe."

Wote wakamgeukia. Mama Victorine alikuwa ameinamia ndoo yake kana kwamba amedondosha kitu ndani. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wa mzee, na hakuna mtu duniani ambaye angempinga.

"Si langu," alisema. "Wala ile ya chumvi. Mimi maharagwe ninayajua yakiwa ku sahani."

Walicheka. Yeye hakucheka.

"Ni maneno ya huyu. Alitoka Nyunzu kwa miguu, na alipofika mulangoni, mimi njo nikamusimulia vita. Kutoka ku redio."

Salomon aliangalia kikombe chake. Papa Onésime alimgeukia mkewe, akamwita kwa jina la binti yao, kama alivyozoea.

"Mama Léonie. Ile njia ilikuwa namna gani?"

"Miaka yote hii," alisema Mama Victorine, "njo leo unauliza? Mbele ya watu?"

"Njo leo nauliza."

Mama Victorine aliweka chini kikombe cha kuchotea. Kisha akafunika ndoo, akajipangusa mikono, akatafuta pa kukaa. Papa Onésime alisimama, akamwachia kreti. Salomon akafungua mdomo kusema jambo juu ya Nyunzu, jambo alilolisikia mahali.

"Nyamaza, Salomon," Papa Onésime alimwambia. "Wewe hukuwako."