Nguzo ya mpaka niliyogoma kuitua kisiwani

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mlio kijiweni.

Siku hizi kila nikifungua jukwaa hili nakuta uzi wa visiwa. Nchi hii inadai kisiwa ni chake, nchi ile inasema hapana, na chini yake vijana wanaandika "tupeleke jeshi asubuhi, mchana tumemaliza". Nimesoma, nimecheka, mwisho nikaona na mimi niandike.

Mimi shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo sheria za kimataifa msizitafute hapa. Lakini kuna kisiwa cha mpakani niliingia kwa miguu yangu, nguzo ya mpaka ikiwa begani. Haya sikusimuliwa na mtu.

Nchi ya pili nitaiita Jirani. Mto nao sitautaja. Sitaki uzi ugeuke ligi.

Twende.

Mimi ni mtu wa Tabora, Isevya. Marehemu baba alikuwa mpagazi stesheni. Babu alikuwa mpagazi wa njia ile ya zamani ya misafara, Ujiji mpaka pwani na kurudi, kwa miguu. Najua kuna watu wanaona kubeba mizigo ni kazi ya aliyekosa kazi. Kwetu haikuwa hivyo. Baba akipita mtaani na ngata yake begani, kile kitambaa cha kuzuia mzigo usichubue, alitembea kama hakimu.

Kuna jambo moja alinifundisha kabla hata sijaota ndevu.

"Mzigo hautuliwi njiani. Ukichoka, badilisha bega. Ukizidiwa, uegemeze kwenye tagaa la mti, lakini uwe umesimama nao. Chini unautua kambini tu, na kirangozi ndiye anatua wa kwanza."

Kirangozi ndiye aliyekuwa akitangulia mbele ya msafara.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema enzi za babu, ukitua mzigo kwenye ardhi ya mtemi, basi umefika kwake, na watu wake wanakuja kudai hongo. (Hongo ya wakati huo ilikuwa ushuru wa njia, sio hii mnayoijua nyinyi.) Kwa hiyo kutua mzigo halikuwa jambo la mchezo. Ukitua, umesema neno.

Mama alitangulia kufariki. Baba akamfuata msimu uliofuata. Nikabaki na wadogo watatu: Zainabu, Shabani, na wa mwisho Tatu, ambaye alikuwa bado ananyonya kidole.

Baada ya arobaini ya baba, ukoo ukakaa. Baba mkubwa alitoka Igunga, shangazi akatoka Urambo. Niseme wazi, hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanapanga kama watu wazima wanavyopanga.

"Shabani nitakwenda naye Igunga, atanisaidia ng'ombe," baba mkubwa alisema. "Zainabu aende Urambo kwa shangazi yake. Tatu tutaona."

"Na mimi, baba mkubwa?"

"Wewe una mabega. Hutakufa njaa."

Wakuu, kilichoniuma si ng'ombe wala Urambo. Ni lile neno, "Tatu tutaona".

Nikamwomba anipe muda mpaka tumbaku ya Urambo ianze kununuliwa. Nikirudi na kazi ya kudumu, watoto wabaki Isevya kwenye nyumba ya baba yao. Nikikosa, wagawane.

Akakubali mbele ya watu. Shangazi akaguna, lakini naye akakubali.

Ilikuwa ile miaka Azimio la Arusha bado ni jipya. Vijiji vya ujamaa vinaanza, kila mtu anaitwa ndugu, hata anayekudai. Kikaja kikundi cha wapima mipaka pale stesheni, kinatafuta wapagazi wa kwenda magharibi. Kiongozi wao alikuwa na kile chombo cha kupimia chenye miguu mitatu, anachungulia humo muda wote, tukambatiza Ndugu Darubini. Akasema watakaofanya vizuri wataajiriwa moja kwa moja.

Nikawaacha wadogo zangu kwa jirani yetu muuza vitumbua, nikapanda treni.

Treni ilitufikisha ilipotufikisha, landrova nayo ikafika ilipokwama. Baada ya hapo ilikuwa ni mabega. Wenzangu walibeba mahema na vyakula. Mimi nikapewa nguzo ya zege, yenye alama ya nchi yetu juu. Wapimaji wanaiita bikoni. Ilikuwa nzito kuliko gunia la mchele, na kibaya zaidi haina pa kushika. Lakini niliipenda. Nilijiona nimebeba nchi.

Sasa niwaeleze ugomvi wenyewe ulivyokuwa.

Mto unafika mahali unagawanyika mikondo miwili, halafu unaungana tena mbele. Katikati kuna visiwa vitatu vidogo. Kile kikubwa ungekizunguka na kikombe cha chai, ukarudi chai bado ya moto.

Mkataba wa zamani ulisema mpaka unapita kwenye mkondo mkubwa. Sisi tunasema mkondo mkubwa ni ule wa kule kwao, kwa hiyo visiwa ni vyetu. Jirani anasema mkondo mkubwa ni huu wa huku kwetu, kwa hiyo visiwa ni vyake. Basi. Hakuna dhahabu wala mafuta. Kulikuwa na maharage na chanja za kukaushia samaki.

Viongozi wa pande mbili walikutana wakakubaliana vizuri tu: mikondo yote miwili ipimwe kwa pamoja kwanza, na kabla ya hapo mtu yeyote asisimike nguzo. Wakapeana mikono. Kila upande una askari wachache na kambi yake ukingoni.

Asubuhi iliyofuata niliamka, nikainyanyua nguzo begani. Sikuwa naenda popote. Ni mazoea ya mpagazi, lazima aupime mzigo wake asubuhi, aone ngata imekaa.

Ng'ambo ya pili wakaniona.

Kwa watu wa njia ile ya misafara, mzigo ukipanda begani maana yake ni safari. Mpagazi wao naye akanyanyua nguzo yao, ya chuma, akaingia majini. Ndugu Darubini akaona hilo kwenye chombo chake.

"Wanatuwahi! Ingia! Kaiweke kisiwani kabla yao!"

Nikaingia. Maji yalifika mapajani, chini mawe yanateleza. Tukapanda kile kisiwa kikubwa karibu sawasawa, yeye upande wake, mimi upande wangu, tukakutana kwenye matuta ya maharage. Nyuma yetu askari wa pande zote wameshasogea majini, bunduki mkononi.

"Tua!" Ndugu Darubini anapiga kelele. "Tua hapo hapo!"

Ng'ambo nako kuna sauti, kwa Kiswahili safi cha Ujiji: "Ukitua tu, tunapiga!"

Wakuu, hapo ndipo nilipojua uzito wa ile nguzo.

Nikitua, bunduki zinasema. Nisipotua, nimemkaidi mkubwa wangu, kazi imeota mbawa, na Isevya kuna mtoto anayesubiri "tutaona".

Nikasimama. Sikutua, na nyuma sikurudi.

Yule mwenzangu naye hakutua. Alikuwa mtu mzima kunizidi, rozari shingoni, kifua kama mlango. Baadaye nilijua anaitwa Gaspari. Tukatazamana.

"Mnyamwezi, tua basi, utavunjika," akaniambia.

"Anza wewe, mkubwa. Wewe ndiye mwenye mvi."

"Na nani aliyekwambia unyanyue asubuhi yote hii? Wewe ndiye umeanza."

"Nilikuwa napima mzigo!"

"Unapima mzigo!" Akacheka mpaka nguzo ikatikisika. "Hata sisi tunapima, lakini hatuamshi majeshi."

"Kumbe nawe ni mtu wa njia?"

"Baba yangu kalala Tabora mara ngapi. Alisema ni mji wa maembe na maneno mengi."

"Maembe mlikula bure, maneno mkatuachia."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa, jua linapanda, bega linawaka moto. Nikabadilisha bega. Naye akabadilisha. Watu wa kandokando ya mto wakaanza kujaa, upande huu na ule. Halafu mmoja akapiga kelele, "Mnyamwezi anatetemeka!" Wa upande wetu wakajibu, "Mwenzake ameshafumba macho!" Ikawa kama ngoma ya mashindano. Hata askari niliwaona wanakunja midomo wasicheke.

Mara akatokea mama mmoja kwenye zile chanja za samaki, jembe mkononi. Hakutazama bunduki. Alitazama miguu yetu.

"Nyie! Mmesimama kwenye maharage yangu!"

"Tusamehe mama," nikamwambia. "Tumeambiwa tusimame."

"Na nani?"

Tukamwonyesha kwa videvu, maana mikono ilikuwa na kazi. Yeye kwa Ndugu Darubini, mimi kwa mrefu mmoja wa ng'ambo mwenye kofia nyeupe. Kila mmoja alimsingizia wa mwenzake!

Mama akageukia ng'ambo, halafu huku. "Nyie wakubwa! Kama mna maneno njooni muyaseme hapa! Msinitumie watoto wa watu wanisimamie shambani kama ng'ombe!"

Kando zote mbili zilicheka. Mkubwa aliyechekwa na kijiji kizima hawezi tena kukaa ukingoni. Ndugu Darubini akavua viatu, akavishika mkononi, akaingia majini. Mwenye kofia nyeupe naye akaingia. Wakafika wamelowa mpaka kiunoni.

"Mbona mmeanza kabla ya kupima?" akauliza wa kofia.

"Nyinyi ndio mlioanza!"

Gaspari akasema, "Huyu kijana alikuwa anapima mzigo." Akawaeleza. Wale wakubwa wakanitazama, wakatazamana, na yule wa kofia ndiye aliyeanza kutabasamu. Wakaafikiana palepale: askari warudi kambini, nguzo zisubiri, mikondo ipimwe kama walivyopatana.

"Haya, tueni," Ndugu Darubini akasema.

"Hapa ni shambani kwa mama, Ndugu," nikamjibu. "Nitatua kambini."

Nikageuka, nikavuka mto na nguzo yangu. Nyuma nasikia maji yanapigwapigwa, Gaspari naye anarudi na ya kwake. Nilipofika kambini ndipo nilipoitua, na bega likawa si langu tena.

Kutoka ng'ambo nikasikia, "Mnyamweziiii! Bega vipiii?"

"Lipooo!"

Naulizwa sana, visiwa alipata nani? Walipima kwa wiki kadhaa, halafu wakubwa wao wakakaa mezani huko mijini. Sikuwepo. Ninachojua ni kwamba hakuna risasi iliyopigwa, na yule mama alivuna maharage yake.

Sikuwepo kwa sababu jioni ile ile Ndugu Darubini aliniita.

"Umefanya jambo la maana," akasema. "Lakini nimekuamuru mara tatu mbele ya wageni, umesimama. Kesho nikikuamuru jambo jingine utasimama tena. Kazi ya kudumu siwezi kukupa, ndugu yangu."

Sikubishana. Alisema kweli, ningesimama tena.

Nikarudi Tabora. Tumbaku ya Urambo ilikuwa imeshaanza kununuliwa. Nafika nyumbani nakuta lori la Igunga limeegeshwa nje, shangazi kaketi kibarazani, vibunda vya nguo za wadogo zangu viko mlangoni.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Kazi?"

"Sikuipata." Nikawasimulia kwa nini, bila kuongeza chumvi.

Baba mkubwa akavitazama vile vibunda. "Pole. Lakini tulipatana. Shabani, chukua nguo zako."

Shabani hakusogea. Zainabu akaanza kulia. Tatu akanijia na kidole mdomoni, nikamnyanyua nikampandisha begani, lile lile lililovimba. Nikasimama mlangoni.

"Mshushe mtoto tuongee," baba mkubwa akasema.

"Simshushi."

"Wewe! Utasimama naye hapo mpaka lini?"

"Mpaka awe mtu mzima, baba mkubwa. Na hawa wawili pia."

Dereva akapiga honi.

Msisahau, baba mkubwa naye alikuwa mtoto wa yule yule babu. Alilitazama lile bega, akanitazama miguu. Halafu akatoka nje. Nikajua anakwenda kumwita dereva waje wawili.

Alirudi peke yake, na gunia la mpunga begani, lile alilokuwa anampelekea mteja wake mjini. Akapita kibarazani, akapita mbele ya shangazi, akalitua ndani kabisa, kwenye sakafu ya baba.

"Kambi ni hapa," akasema. "Mimi nimeshatua. Sasa mshushe mtoto ale."

Nikamshusha.

Kila msimu baada ya hapo lori la Igunga lilisimama kwetu, na shangazi akawa analeta karanga mwenyewe kutoka Urambo. Mimi nilibeba mizigo stesheni mpaka mgongo ulipokataa. Zainabu alikuwa muuguzi, amestaafu. Shabani ana magari yake mwenyewe, anaringa. Tatu ni mwalimu, na ndiye anayenitoa makosa ninapoandika haya, ingawa hapo kwenye kidole ameniomba nifute, nimekataa.

Nilichojifunza, vijana wangu: kabla ya kuandika "tupeleke jeshi", jiulize nani ataingia majini na nguzo, na anaacha nani nyumbani. Nchi yangu naipenda, niliibeba kwa bega hili. Na sehemu ninayojivunia zaidi ni ile niliyosimama nayo bila kuitua.

Waliokulia mpakani leteni ya kwenu, hata ya kunipinga. Na kama wajukuu wa Gaspari mnapita humu, mwambieni wa kwenu: bega bado lipo.