Zamu ya Mjomba Saidi

Juzi nilimwona jirani akiziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo, nikasikia tena harufu ya maganda ya machungwa.

Nilipokuwa mtoto, Mama aliyaweka juu ya hita yetu ya mafuta ya taa ili kuua harufu ya mafuta hayo. Hita ilikuwa moja tu, kwa hiyo kila kipupwe nyumba yetu ya ugenini, mtaa wa Mayfair, ilipungua: vyumba vingine vilifungwa. Mwaka mmoja alifunga chumba cha Mjomba Saidi, kaka yake, akasokomeza blanketi kuukuu chini ya mlango.

"Baridi ibaki huko huko," alisema.

Leo najua alikuwa anabana mafuta. Wakati ule nilijua tu kwamba mjomba alikuwa mlinzi wa ofisi kule katikati ya jiji, Marshalltown, na sikuwa nimemwona siku kadhaa. Basi nikaelewa: yumo ndani, analinda baridi isitoke.

Alasiri moja nilipiga hodi tatu. Bati la paa lililia, ta, ta, kama meno ya mtu anayetetemeka. Nikamwonea huruma, nikavua soksi zangu, nikaanza kuzipenyeza chini ya mlango.

"Unafanya nini, we mtoto?" Mama alikuwa nyuma yangu.

"Nampa mjomba. Zamu yake inaisha lini?"

Hakucheka. Alivuta blanketi, akafungua. Kitanda kilikuwa kitupu.

"Mjomba amerudi Tanga, mwanangu. Aliondoka umelala, hakutaka ulie."

Nilichungulia uvunguni kuhakikisha. "Sasa baridi nani anailinda?"

Mama alifunga mlango, akapiga magoti na kulisokomeza tena blanketi.

"Mimi," alisema, akanivalisha soksi.